Mbele ya kutupa saki mu Mulongwe, tupige hesabu

Wandugu wa Uvira, mvula ikianza kunyesha ku milima, sote tunajua kile kinafuata: watu wa kando ya mto wanakamata majembe, wanajaza mchanga mu saki za mchele, wanapanga ukuta. Tunawapongeza. Ni salongo ya kweli, haikungojea mkubwa yeyote aje kukata kamba. Lakini tangu usiku wa tarehe 16 kwenda 17 Aprili 2020, wakati Mulongwe ilitoka mu njia yake, ikabeba manyumba, watu makumi wakafa, hatuna tena haki ya kudanganyana. Ukuta wa saki bila hesabu unaweza kuua, juu watu wanalala nyuma yake bila woga.

Maji yanashinda saki namna gani? Wengi wanawaza tu kama mto unapita juu ya ukuta. Mara nyingi mambo iko chini. Maji yanachimba mchanga ku mguu wa ukuta, saki za chini zinateleza, za juu zinafuata. Halafu kuna mbio ya maji. Haidroliki iko na kanuni ya zamani: mbio ikiwa mara 2, uzito wa kitu chenye kinaweza kubaki pale pale unapaswa kuwa mara 64. Soma tena: si mara 2, ni 64. Saki ya kilo 50 yenye inakamata vizuri siku ya kawaida, siku ile maji inakimbia mara 2 ingepaswa kuwa na kilo 3.200. Nani ataibeba?

Ku Bangladesh, ku mto Jamuna, wanatumia saki za jeotekstile, kitambaa chenye kinaacha maji yapite lakini kinashika mchanga, na hakiharibike mbio na jua kama saki zetu za mchele. Zingine wanazitupa makusudi ku mguu wa ukingo, ili mto ukichimba, ziteremuke zenyewe na kufunika shimo. Watafiti nao walijenga ukingo mudogo mu mfereji wa laboratware, wakatazama saki moja moja inavyotoka, kisha wakaingiza ile mambo mu ordinatere: kila saki ni kitu chake, programu inahesabu maji inavyoisukuma na inavyosuguana na jirani yake. Pale unaweza kuvunja ukuta mara mia bila mtu kufa.

Lakini tusinakili tu. Jamuna ni mto mpana wa mchanga laini, mu inchi tambarare. Mulongwe inashuka mbio toka milima ya Mitumba na mawe makubwa ndani yake. Jiwe likigonga kitambaa, kinapasuka. Hesabu ya maji na saki peke yake haijui jiwe. Pengine hapa kwetu jibu ni gabioni, ao kuachia mto nafasi yake na kuhamisha watu kwa haki, wakilipwa. Hatusemi ni rahisi.

Serkali itasema: hakuna feza. HEC-RAS, programu ya wahandisi wa jeshi la Marekani ya kuhesabu mito, ni ya bure. QGIS ni ya bure. Ma-shomeri wenye diploma tumejaa mu mji huu. Betri za ordinatere zetu zimekufa, lakini vichwa viko. Kile tunakosa ni vipimo: mto uko na kina gani, upana gani, maji inapanda namna gani saa kwa saa. Programu bila vipimo inatoa picha nzuri za rangi, basi. Na picha nzuri tumeshaona nyingi mu maripoti.

Kwa hiyo tunadai: kila projekti ya ukingo mu Uvira itangaze mbele ya raia ni mbio gani ya maji ilitumika mu hesabu, saki ni ya kilo ngapi, na nani alipima mguu wa ukuta. Na meya aturuhusu kuweka ubao wa vipimo ku daraja. Asubuhi na jioni tutasoma, tutaandika mu kayee, bila kulipwa. Rangi tutanunua sisi wenyewe.