Tiba ya jeni kwa nguvu za kiume: bado si ya kununua

Baba akianza kulala mapema kila siku, au kuzusha ugomvi mdogo usiku ili apate sababu ya kugeukia ukutani, mama hudhani kuna mwanamke mwingine. Wakati mwingine hakuna. Kuna aibu ya kupungukiwa nguvu za kiume, na aibu hiyo humpeleka mwanaume kimyakimya kwa muuza vumbi la Kongo, au humfanya apekue simu usiku hadi akutane na habari za tiba ya jeni.

Tiba hiyo si uzushi. Uume husimama pale misuli ya ndani inapolegea na kuruhusu damu iingie. Kulegea huko husaidiwa na vijilango kwenye seli vinavyopitisha potasiamu. Watafiti wa New York, akiwemo Dk Arnold Melman, waliwadunga wanaume 11 jeni inayotengeneza vijilango hivyo, sindano moja kila mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: hakukuonekana madhara makubwa yaliyotokana na sindano, na waliopewa dozi mbili za juu walionekana kupata nafuu kwa wiki 24 walizofuatiliwa. Kidonge cha sildenafil, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hufanya kazi saa chache tu.

Lakini watu 11 ni wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa bandia. Hadi leo hakuna tiba ya jeni iliyoidhinishwa kwa tatizo hili. Anayeiuza mtandaoni anauza maneno.

Cha kufanya sasa kipo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, hivyo huweza kuonyesha dalili miaka kadhaa kabla ya moyo. Baba apimwe shinikizo la damu na sukari, na amweleze daktari dawa zote anazotumia, maana baadhi huchangia tatizo. Asiziache mwenyewe. Unga wa mitaani nao huweza kuchanganywa kwa siri na sildenafil. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, shinikizo huweza kushuka ghafla na kumuua.

Mama naye asitanie wala asishtaki. Amwambie, "Baba fulani, twende wote tukapime." Wakipima wote wawili, hakuna anayeonekana mgonjwa peke yake.