Gari likichemsha, mlipe fundi atafute ugonjwa kwanza

Wadau, leo nina dukuduku la gereji. Pita gereji za hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Nyegezi, hukosi gari lililofunguliwa boneti na mwenyewe kashika kiuno. Linachemsha. Rejeta imebadilishwa, wota pampu mpya, feni mpya, na bado linachemsha. Jirani yangu mwenye Noah ya abiria yamemkuta hayo, na ada ya shule ya mtoto imeishia kwenye spea.

Mimi nasema fundi halaumiki peke yake. Wateja wengi wanakubali kulipia kifaa kipya, lakini waambie walipe fundi achunguze tu kwa nusu saa, wanaona wameibiwa. Fundi naye ana familia. Kama analipwa kwa kubadilisha tu, atabadilisha. Anabahatisha, na gharama ya kubahatisha unaibeba wewe.

Wakati gari lenyewe linasema linaumwa wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kwenda, anza na feni, fyuzi na nyaya zake. Likichemsha ukiwa kasi barabara ya Musoma au ukipandisha Bugando, shuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, au oili ikiwa kama chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi.

Halafu kuna kofia ya rejeta, kitu cha bei ndogo kinachodharauliwa. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Kofia nzima hubana shinikizo, maji yakavumilia hadi zaidi ya nyuzi 110. Ikilegea, yanachemka mapema. (Usiifungue injini ikiwa ya moto, utababuka uso!)

Kinachoniudhi zaidi ni ushauri wa "toa themostati, nchi yetu ya joto." Jamani! Kwenye baadhi ya injini, zikiwemo za Toyota, themostati ikifunguka ndiyo pia inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Kuipima ni kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni na kuyachemsha. Isipofunguka, nunua nyingine.

Silinda hedi ikishapinda, hizo ni gharama nyingine kabisa. Hospitali tunalipia vipimo kabla ya dawa na hatulalamiki sana. Gereji nako tukubaliane na fundi bei ya kupima kabla hajashika spana, na akisema "badilisha hiki", tumuulize ameonaje. Fundi mzuri hachukii swali hilo.