Seva za shule zinakufa kwa vumbi
Serikali ilipoanza kugawa tableti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka wa 2016, shule za msingi zilipewa pia seva ya kuhifadhia masomo. Lakini ni nani aliyekabidhiwa ufagio?

Nafunza hapa Njiru, ambapo vumbi la machimbo ya mawe na la malori huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Likiziba feni, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa seva, hupata joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi mashine huzimika. Wakubwa hutangaza kwamba imeharibika. Aghalabu haijaharibika! Yatosha kuchomoa umeme, kupuliza vumbi, kufuta malai yaliyokauka baina ya prosesa na bamba la kuipoza, na kupaka mengine kiasi cha punje ya mchele. Penye hatari ni kuipachika prosesa yenyewe, kwani vipini vya tundu lake vikipindika, hasara yake si ndogo.

Walimu wenzangu, sioni kwa nini tumngoje fundi kutoka mjini ilhali wanafunzi wanakariri ubaoni sehemu za kompyuta. Mwalimu mkuu na atoe ufunguo wa chumba hicho.