Gogwe lisigeuzwe nyanya mpakani

Rwanda huliita ikinyomoro. Kenya ni tunda damu. Tanzania ni gogwe, na wapo wanaosema nyanya ya mti. Ni tunda lile lile lenye umbo la yai, jekundu au la manjano, lenye vitamini A na C, ambalo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kwetu limezoea nyanda za juu zenye baridi, na mti wake huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Majina mengi ni utajiri sokoni. Mpakani ni hasara. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Sasa mama mwenye kreti tatu akiandikiwa "nyanya", na cheti chake cha afya ya mimea kinasema jina jingine, karatasi hazilingani. Atarudishwa, au atamtafuta wakala wa kumlipa kwa kazi ambayo utaratibu huu uliwekwa ili isihitaji wakala.

Rai yangu kwa wizara za biashara ni hii: orodha zibandikwe ukutani Rusumo, Namanga, Busia na kwingineko, na kila tunda liandikwe kwa majina yake yote ya mitaani kando ya lile la kitaalamu, ambalo kwa gogwe ni Solanum betaceum. Ni kazi ya karatasi na gundi tu. Na mkaguzi wa mimea awepo asubuhi, mizigo inapofika. Gogwe lililoiva halimngoji afisa arudi kutoka chakula cha mchana.

Nanyi wafanyabiashara, cheti cha uasili hakiondoi ukaguzi wa mimea wala kodi nyingine za ndani, kwa hiyo msidanganywe na wanaosema kinatosha chenyewe. Andikeni jina moja kwenye karatasi zote. Na mkinunua shambani, dai lichumwe na kikonyo chake, maana likinyofolewa huanza kuoza pale pale lilipojeruhiwa, na foleni ya siku moja inatosha kulimaliza.