Marekani: karti ni ya baba, jina ya mutoto iko juu yake. Nani atalipa deni?

Mu jamaa nyingi za Kivu zenye ziko na watu wao Marekani, habari ya karti ya mukopo imeingia mu mazungumuzo ya simu. Mutoto anaeleza kwamba mwezi huu hataweza kutuma feza, sababu watu wa kufuata madeni wanamupigia kila siku juu ya deni yenye baba yake aliacha. Huku nyumbani wanaitika: mutoto kulipa deni ya muzazi ni kawaida. Lakini sheria ya Marekani haisemi hivyo. Kujua tofauti hiyo kunaweza kuokoa minerval ya watoto ya mwaka muzima.

Jambo hili si la watu wawili watatu. Mu mwaka wa bajeti wa 2023, Kongo ndiyo ilikuwa ya kwanza kati ya inchi zenye wakimbizi wake walipokelewa Marekani: watu zaidi ya 18.000. Wakongo wanaishi kwa wingi mu miji kama Louisville, Lexington, Dayton, Phoenix na Houston. Wanafika mu inchi kwenye mukopo ni sehemu ya maisha ya kila siku. Tangu mwaka wa 2023, madeni yote ya karti za mukopo kule Marekani yamepita dola bilioni 1.000.

Mwenye karti, avaliste, na mutumiaji tu

Mu COOPEC za kwetu, kila mutu anajua maana ya avaliste. Ni ule alitia sahihi kwamba mukopaji akishindwa, yeye atalipa. Bila sahihi yake, hakuna mutu wa COOPEC anaweza kuja kubisha ku mulango wake. Marekani pia, kwa deni ya karti, swali la kwanza ni lile lile: nani alitia sahihi?

Kuko watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mwenye karti: yeye aliomba, banki ikachunguza mapato yake, akakubali mapatano. Wa pili ni mwenye kushirikiana naye konti ao avaliste: naye alitia sahihi, basi deni ni yake pia. Wa tatu ni mutu mwenye kuruhusiwa kutumia. Huyu anapewa karti yenye jina yake, anaweza kununua nayo, lakini hakufanya mapatano yoyote na banki. Kwa kawaida, banki haiwezi kumudai, hata kama yeye ndiye alinunua vitu.

Kama alitumia karti ya baba kununua matairi ya gari, banki inamudai baba. Kama mutoto alimuahidi baba kumurudishia, hiyo ni mapatano ya ndani ya nyumba, haihusu banki.

Juu ya nini wazazi wanaandikisha watoto?

Sababu kubwa ni ile alama yenye kuonyesha namna mutu analipa madeni yake. Inaanza ku 300 na inafika ku 850. Mutu mwenye hana alama nzuri anapata shida kukodi nyumba, na akikopa feza ya kununua gari, riba inakuwa kubwa. Mutoto mwenye ameandikwa ku karti ya muzazi mwenye analipa vizuri, historia ile nzuri inaweza kuonekana ku jina yake pia. Ni njia ya halali ya kumuinua.

Lakini muzazi akishindwa kulipa, historia ile inageuka. Kuchelewa kwa siku 30 kunaweza kuandikwa na kubaki miaka 7 mu rekodi. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Rekodi kuharibika si sawa na kudaiwa. Mutoto anaweza kuomba banki iondoe jina yake ku konti, kisha aombe Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu zenye kuchunga rekodi, zifute konti hiyo upande wake. Hana lazima ya kulipa deni kwanza.

Muzazi akifariki

Kifo hakifuti deni, lakini hakiihamishi pia ku kichwa ya mutoto. Deni inalipwa na mali ya marehemu: feza ya ku banki, gari, nyumba. Wenye kudai wanapita mbele ya wariti. Ndiyo maana mutoto anaweza kupata uriti kidogo ao asipate kitu, bila yeye mwenyewe kudaiwa. Mali isipotosha, kwa kawaida deni inabaki bila kulipwa.

Mambo mawili yanaomba uangalifu. Kwanza, muke ao mume wa marehemu anaweza kuwa mu hali ingine. Kuko majimbo 9, kati yao Texas, Arizona, Idaho na California, kwenye deni yenye ilifanywa ndani ya ndoa inaweza kuhesabiwa ya wote wawili. Pili, siku mwenye karti amefariki, ruhusa ya kuitumia imeisha. Kuendelea kununua nayo, hata vitu vya kilio, kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu. Hapo mutoto mwenye hakukuwa na deni anajitafutia kesi.

Haya ndiyo yanatumiwa na wafuataji wa madeni

Tangu mwaka wa 1977, sheria ya Marekani inakataza wafuataji wa madeni kudanganya ao kutisha. Hawana ruhusa ya kufanya mutu aamini kwamba deni ni yake wakati si yake. Hawapaswi kupiga simu mbele ya saa mbili asubui wala kisha saa tatu usiku. Kupiga zaidi ya mara 7 mu siku 7 juu ya deni moja kunahesabiwa kuwa kusumbua mutu. Na mu siku 5 kisha kuongea mara ya kwanza, wanapaswa kutuma barua yenye kueleza ni deni gani. Mutu iko na siku 30 kuipinga kwa maandiko, na wakati huo wanapaswa kusimama mupaka watoe uhakikisho.

Lakini kuko njia yenye sheria haiwezi kuzuia kabisa: kugusa haya ya mutu. Muulizaji anasema kwa sauti ya pole: "Hautaki jina ya baba yako ibaki safi?" Kwa Mukongo mwenye alikomaa akisikia kwamba dawa ya deni ni kulipa, swali hilo linachoma kuliko vitisho. Mara nyingi tena ni mutoto ndiye anaongea ku simu, sababu yeye ndiye anajua Kiingereza. Anaanza kama mutafsiri, anamaliza akitoa namba ya konti yake.

Kutoa dola 50 tu "kusudi watulie" kunaweza kuleta matata. Mu majimbo mengi, malipo kidogo ku deni ya zamani yanaweza kuanzisha upya muda wa kushitaki. Na kutia sahihi mapatano mapya ya kulipa kunamufanya mutu kuwa mudaiwa wa kweli.

Karatasi ya tribinali ni jambo ingine. Hiyo haitupwi, hata kama deni si yako. Mwenye hajibu anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, kisha mushahara wake ukakatwa, mupaka sehemu 25 kwa mia ya ile inabaki kisha kodi. Maofisi ya avoka wa bure kwa watu wenye mapato kidogo yako mu kila jimbo, na wakimbizi wanaweza kuyaendea. Tangu mwaka wa 2025, serikali ya Trump imepunguza sana nguvu ya ofisi ya taifa yenye kulinda watumiaji wa feza. Lakini sheria ya 1977 haikufutwa, na mutu mwenyewe anaweza kushitaki mufuataji wa deni mu muda wa mwaka moja.

Sheria haikatazi mutoto kulipa kwa mapendo. Kama muzazi yuko muzima, mugonjwa, na mutoto iko na uwezo, ni haki yake kumusaidia. Lakini achague mwenyewe, kisha kuomba kuona karatasi yenye sahihi. Na siye wa huku nyumbani, mbele ya kumuambia "lipa tu", tumuulize kwanza: ulitia sahihi, ao ulipewa karti tu?