Picha ya Mwombaji Kazi Haipimi Uwezo Wake

Matangazo mengi ya kazi humtaka mwombaji aambatishe picha ndogo ya pasipoti pamoja na barua na nakala za vyeti vyake. Desturi hii huonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, ushahidi wa kisayansi waonyesha kwamba picha hiyo yaweza kumnyima mtu haki yake kabla sifa zake hazijasomwa.

Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Watu walionyeshwa picha za nyuso wasizozijua, nyingine kwa moja ya kumi ya sekunde tu, kisha wakaulizwa kama wenye nyuso hizo walikuwa waaminifu au hodari. Majibu yao yalilingana sana na ya wale waliotazama bila kuwekewa kikomo cha muda. Muda ulipoongezwa, watazamaji walizidi kuuamini uamuzi wao, bali uamuzi wenyewe haukubadilika sana.

Je, uamuzi huo wamhusu mtu, au wahusu picha? Mwaka 2014 Todorov na mwenzake walionyesha kwamba picha mbalimbali za mtu yule yule huzaa maoni yanayotofautiana.

Sababu moja yaelezwa na fizikia. Kitu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali. Tuseme masikio yako sentimita 12 nyuma ya ncha ya pua. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, itakuwa sentimita 42 kutoka masikioni. Hivyo pua hukuzwa mara 1.4 kuliko masikio. Kamera ikirudishwa hadi sentimita 150, uwiano huo hushuka kuwa 1.08. Uchunguzi wa Ronnie Bryan, Pietro Perona na Ralph Adolphs, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba nyuso zilizopigwa kwa karibu ziliaminiwa kidogo kuliko nyuso hizo hizo zilizopigwa kwa mbali. Basi mwombaji aliyepigwa picha katika chumba chembamba aweza kushindwa na mwenzake aliyemudu studio kubwa yenye taa nzuri.

Waajiri husema kwamba picha huwasaidia kumtambua mwombaji. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini utambuzi wahitajika siku ya usaili, wala si wakati wa kuchambua barua. Yafaa, basi, picha zisipelekwe kwa wachambuzi. Mwombaji aonyeshe kitambulisho chake atakapoitwa.

Walimu nao waweza kulithibitisha jambo hili darasani. Mtu mmjoa aliyekubali apigwe picha mbili, moja kwa karibu na nyingine kwa mbali, kisha makundi mawili ya wanafunzi wasiomjua yaulizwe maoni yao, kila kundi likionyeshwa picha moja. Vijana watakaoyaona matokeo hayo ndio waajiri wa kesho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ubaya wa picha hauondoi elimu iliyomo kichwani.