Dawa Ni Bure, Nauli Je?

Nyinyi mnaopenda kusema methadoni ni bure, njooni Likoni saa kumi na moja na nusu alfajiri mtembee na kakangu.

Feri kwa miguu hulipi, sawa. Ukishavuka unapanda matatu, na bure inaishia hapo. Kwenda na kurudi ni shilingi 150 siku ikiwa nzuri. Mvua ikinyesha makanga anapandisha atakavyo. Na methadoni haijui Jumapili wala Idi. Unainywa mbele ya nguo nyeupe, inakushika kama siku moja hivi, kesho mwili unadai tena. Piga hesabu ya mwezi: 4,500. Huyu ni mtu wa vibarua, leo anapata mzigo wa kubeba, kesho hapati. Nimemwona mlangoni akihesabu sarafu. Kete ya unga maskani, nyuma tu ya nyumba yetu, ni 200, na muuzaji anakopesha. Matatu haikopeshi.

Siandiki haya kama mtu msafi. Kabla ya methadoni, sisi kama familia tulienda njia ile inayosifiwa na kila mtu: sober house. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo yangu ikaingia huko, siku 90, na mimi nikarudi nyumbani "kwa muhula mmoja tu". Huo muhula bado unaendelea. Mle ndani ni maombi, mihadhara na ndoo ya kutapikia. Arosto ikikushika unaambiwa vumilia, hiyo ni dhambi inatoka.

Walitoka wawili wa mtaa wetu siku moja. Kakangu alirudi maskani wiki ya pili. Mwenzake alirudi siku ya nne, akajidunga kipimo kile kile alichokizoea zamani. Mwili uliokaa miezi mitatu bila unga hauhimili tena kipimo hicho, na hakuna aliyemwambia. Tulimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Cheti chake cha kuhitimu bado kiko ukutani sebuleni kwao.

Kakangu akaingia methadoni. Baada ya miezi minane alikuwa amenona, analala usiku, na mamangu ameacha kuficha sufuria. Mimi hapo ndipo nikajitia ujuaji. Nikamwambia, "Bro, si umehama tu kutoka teja wa kete ukawa teja wa kikombe? Kuwa mwanaume, achana nayo." Aliniamini, maana mimi ndiye niliyesoma. Wiki tatu baadaye nilikuwa natembea maskani kwa maskani na tochi ya simu nikigeuza watu waliolala, nikitafuta uso wake.

Kwa hiyo mtu akiniambia methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, namsikiliza, kwa sababu hiyo sentensi niliisema kwa mdomo wangu nusura nizike nayo mtu. Methadoni hukaa kwenye ubongo pale pale unga unapokaa, ila huingia taratibu na kutoka taratibu. Arosto inatulia, na kwa dozi iliyopimwa vizuri hakuna kupaa wala kusinzia barabarani. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili kule Dar walianza kuitoa 2011. Sisi tulianzia Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ndipo ikashuka Pwani. Zaidi ya miaka kumi! Bado tunaongea kana kwamba ni majaribio, na kliniki ni chache kiasi kwamba watu wanavuka bahari kumfuata muuguzi.

ARV mtu anapewa za miezi mitatu akaweke nyumbani. Marekani, korona ilipoingia 2020, waliruhusu wagonjwa waliotulia wachukue methadoni ya hadi siku 28, na baadaye wakaifanya sheria ya kudumu. Kwenye kliniki ya kakangu, mtu aliyetulia mwaka mzima anapanga foleni sawa na aliyeanza jana.

"Wataiuza." Wapo watakaouza, nisiwadanganye. Na kikombe cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto, kwa hiyo sisemi igawiwe kama peremende. Nasema aliyeonyesha utulivu apewe ya siku mbili tatu ndani ya kisanduku chenye kufuli. Wengine wafuatwe: gari lije Likoni, au zahanati ya mtaa ipewe kabati la chuma na mtu aliyefunzwa. Hilo kaunti inaliweza kama inaliweza gwaride la magari ya kumsindikiza gavana.

Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kakangu alirudi kutoka kliniki akasema foleni nzima ilikuwa na swali moja tu, kesho ipo? Programu hii imejengwa kwa pesa za wafadhili kiasi kikubwa, na watu hao ni wapiga kura wa hapa. Bajeti ya kaunti iwataje.

Kazi nayo? Alipata ya kudumu kwenye ghala moja, kuingia saa moja na nusu. Kliniki inafungua saa moja. Alichelewa mara sita, akaitwa ofisini akaulizwa anakwenda wapi kila asubuhi. Akasema ukweli. Hakumaliza wiki. Ushauri nasaha alishapewa, na mzuri tu. Alichohitaji kingine ni bosi wa kumruhusu aingie saa tatu atoke jioni kidogo.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi amenigongea, nauli imepungua 50, nikampa. Ya kesho bado hatujaipata, na muuzaji ameshapita mara mbili kumsalimia mamangu.